Wodi ya watoto niliyolala na binti yangu: maoni ya fundi friji

Naipa nyota nne kati ya tano wodi hii, alikotibiwa binti yangu virusi vya ubongo, na hiyo moja niliyoikata nitaeleza imekwenda wapi. Jina la hospitali naliacha makusudi. Ni hospitali kubwa hapa Dar es Salaam, na humu nitasifu na nitalalamika, na wanaohusika bado wanavaa sare na kuingia zamu. Maswali nitakayoyataja unaweza kuyauliza mlangoni pa hospitali yoyote, na majibu ndiyo yatakayokuonyesha umefika pa namna gani.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, Mbagala. Si mtu wa afya. Ninayoandika nimeyasikia kwa madaktari, manesi na mfamasia mmoja mwenye subira, na mengine nimeyasoma kwenye simu usiku, nimekaa kwenye kiti cha plastiki ambacho nacho kinastahili lalamiko lake.

Binti ana miaka saba. Alianza na homa na kuumwa kichwa, jambo ambalo kila mzazi amelizoea. Kesho yake akaanza vituko: anamwita mama yake shangazi, anasema chumba kinanuka plastiki iliyoungua na hakuna kitu kinachoungua, anaamka usiku kuvaa sketi ya shule. Halafu pembe ya mdomo na mkono wa kulia vikaanza kurukaruka vyenyewe, na baada ya muda mwili mzima. Mama mkwe akasema degedege. Zahanati ya kwanza tuliyokimbilia nayo ikasema degedege la homa. Kipimo cha malaria kilitoka hasi, dawa ya malaria tukapewa hata hivyo, na panadoli, tukaambiwa turudi nyumbani. Hatukurudi nyumbani, maana mtoto alikuwa haamki vizuri usingizini. Unamwita, anafungua macho, anakuangalia kama hakujui, analala tena.

Nyota ya kwanza hospitali hii iliipata pale mapokezi ya dharura. Daktari aliyekuwa zamu, dada mdogo tu kwa umri, hakuanza na kipimo, alianza na maswali. Mkono upi ulitangulia? Tabia ilibadilika kabla ya degedege au baada yake? Ameumwa na mbwa miezi ya karibuni? Chanjo za surua alipata zote? Kuna mtu nyumbani mwenye vidonda vya mdomo? Fundi friji anayejua kazi naye anamsikiliza kwanza mwenye friji, linalia vipi, lilianza lini, ndipo afungue kifuniko cha nyuma. Nilimwamini hapo hapo.

Alitueleza huku anamwekea mtoto kanula, kile kimrija cha plastiki cha mshipani, wala hakutuita ofisini. Degedege la homa la kawaida huwapata watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, hushika mwili mzima, huisha haraka, na mtoto akiamka anarudi kuwa yule yule. Huyu kapita umri, limeanzia upande mmoja, tabia ilibadilika kabla, na hajarudi. "Baba, hapa tunawaza ubongo wenyewe umevimba kwa maambukizi. Inaweza kuwa bakteria, inaweza kuwa virusi. Tunatibu vyote leo, majibu yakija tutapunguza."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyomponya mwanangu, kwa kadiri ninavyoelewa mimi. Usiku ule ule alianzishiwa seftriaksoni kwa ajili ya bakteria, atesuneti ya malaria mpaka kipimo cha pili cha damu kilipothibitisha hakuna vimelea vya malaria, dawa ya kuzuia degedege, na asiklovia ya mshipa. Asiklovia wengi tunaijua kama mafuta ya kupaka mdomoni au vidonge vya mkanda wa jeshi. Sikujua ina sura nyingine: unga mweupe ndani ya kichupa, unaochanganywa na kupitishwa kwenye dripu, na kwamba kwa ugonjwa huu haisubiri majibu ya maabara. Wataalamu wanauita ensefalaitisi ya virusi. Wodini watu wanasema tu "mtoto ana virusi kwenye ubongo".

Swali la kwanza la kuuliza basi ni hili: mkishuku virusi vya ubongo, dawa mnaanza lini? Ukijibiwa "majibu yakitoka", chukua mtoto wako, ukiweza, uende kwingine.

Kipimo cha maji ya uti wa mgongo kilileta kikao cha ukoo kwa simu. Kaka yangu alipiga kutoka Lindi: usikubali, mtoto atapooza. Shangazi akapiga: usikubali. Daktari hakukasirika. Alichukua boksi la glavu akachora mgongo: uti wenyewe unaishia juu kidogo ya kiuno, sindano inaingia chini ya hapo, mahali penye nyuzi za fahamu zinazoelea majini, na zinasogea sindano ikipita. Boksi lile nililipiga picha nikamtumia kaka. Alijibu "haya", na kwa kaka yangu hiyo ni hotuba. Kabla ya sindano walimpeleka kwanza CT, mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, kwa sababu ya degedege na ule usingizi, wahakikishe ubongo haujabanwa kiasi cha kuifanya sindano iwe hatari. CT ilionekana safi. Wakatutahadharisha tusifurahi mapema, maana siku za mwanzo CT huweza kuwa safi na ugonjwa upo. MRI, mashine nyingine ya picha, ndiyo inayoona mapema, hasa zile sehemu za ubongo zilizo usawa wa masikio, ambako virusi hivi hupenda kushambulia. MRI ilikuwa mbovu kipindi chote tulicholala pale. Robo ya nyota ilikatika hapo.

Maji yalitoka meupe kabisa, si ya ukungu. Sukari ya kawaida, chembe nyeupe zimepanda na nyingi zake ni limfosaiti, aina mojawapo ya chembe hizo. Wakasema picha hiyo inaelekea kwenye virusi. Kipande kingine cha sampuli kikapelekwa maabara ya nje kwa PCR, kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, teknolojia ile ile tuliyoizoea siku za korona. Majibu yalichukua zaidi ya wiki. Ningekuwa natoa alama kwa kasi ningewapa sifuri, lakini kwa kuwa dawa ilishaanza, ucheleweshaji ule ulitusumbua roho tu. Na nilijifunza kwamba hata PCR ya siku za mwanzo kabisa inaweza kutoka hasi na ugonjwa upo, ndiyo maana wanaoijua kazi hawakatizi dawa kwa karatasi moja kama hali ya mtoto inasema vingine.

Yetu ilitoka chanya: hepesi simpleksi aina ya kwanza. Ni virusi vile vile vinavyoleta malengelenge ya mdomo, ambavyo zaidi ya nusu ya watu duniani wanavyo mwilini, wengi bila kujua. Mama mkwe aliuliza kama kuna mtu kamletea mtoto. Daktari akasema hakuna wa kulaumiwa, kwa watu wengi sana virusi hivi havifiki kamwe kwenye ubongo, kwa wachache mno vinafika. Nesi akaongeza moja ambalo tulikuwa tunalihitaji, kwa sababu mama watoto alikuwa nyumbani na kichanga cha wiki chache: mwenye kidonda cha mdomo asimbusu kichanga. Kwa mtoto mchanga virusi hivi ni balaa, husambaa mwili mzima.

Kwa sababu hiyo ya kichanga nililala wodini mimi. Wodi za watoto zetu zimejengwa kwa kudhani anayelala na mtoto ni mama. Baba unatolewa saa mbili usiku, choo ni cha kina mama, bafu ni la kina mama. Sista mkuu wa wodi aliandika kibali kwa mkono wake, akakibandika juu ya kitanda, na kila mlinzi aliyekuja kunitoa alisoma na kuondoka akiguna. Bila kibali kile sijui tungefanyaje. Hospitali zingefikiria hilo.

Sasa dawa yenyewe, maana ndiyo bidhaa hasa ninayoitolea maoni. Nilisoma kwamba kabla haijapatikana, kati ya watu kumi waliopata hepesi ya ubongo, karibu saba walikufa. Mwaka 1984 madaktari wa Sweden walitoa matokeo ya kuilinganisha na dawa iliyotangulia, vidarabini: waliopewa asiklovia walikufa asilimia 19, waliopewa vidarabini asilimia 50. Mmoja wa watu walio nyuma ya dawa hii ni Gertrude Elion, mkemia wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na wenzake wawili, na hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu. Mimi niliyejifunzia ufundi kwenye kibanda cha mtu nilipenda sana kulisoma hilo saa nane za usiku.

Mfamasia alinieleza inavyofanya kazi. Dawa inaingia mwilini ikiwa imelala. Kirusi kina kimeng'enya chake chenyewe, yaani protini ya kuharakisha kazi za kikemia, na ndicho kinachoiamsha. Kwa hiyo inaamka zaidi ndani ya chembe zilizoshambuliwa, na ikishaamka inakizuia kirusi kujinakili. Haitengenezi kilichokwisha kuharibika. Ndiyo sababu ya ule mwendo wa haraka usiku wa kwanza.

Sasa hesabu. Mtoto wa kilo kama ishirini alihitaji kichupa kimoja cha miligramu 250 kwa kila dozi, mara tatu kwa siku, kwa siku 21. Hivyo ni vichupa 63. Hatukuwa na bima. Dirisha la dawa la hospitali lilikuwa na vya siku chache tu, baada ya hapo ikawa ni karatasi mkononi na bodaboda: Kariakoo, Temeke, Mwenge. Mafuta ya asiklovia kila duka wanayo, vidonge wanavyo, ya sindano "njoo kesho mchana". Duka moja walinishawishi nichukue vidonge, eti ni kitu kile kile. Daktari alikataa palepale: kwa njia ya mdomo haifiki kwa kiasi kinachotosha kwenye ubongo. Fedha ilitoka kwenye kikoba cha mama watoto, na nawashukuru kina mama wale kuliko ninavyoweza kuandika. Dawa hii ya sindano imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuikosa kwenye dirisha la hospitali kubwa ndiko kulikokula nusu nzima ya nyota yangu. Ushauri wa bure: siku dawa inapoanza, usisubiri ya hospitali iishe, anza kupiga simu madukani siku hiyo hiyo, na tafuta mwenye uhakika wa kozi nzima.

Swali la pili la kuuliza, na hili ndilo ninalolipenda zaidi: dozi ya saa nne usiku anatoa nani?

Dawa inakwenda kila baada ya saa nane. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Asubuhi hakuna shida, daktari wa raundi anakuja. Mchana wapo wengi. Ile ya saa nne usiku, manesi ni wawili na vitanda vimejaa, na dawa yenyewe haisukumwi kwa sindano ikaisha. Inatakiwa ipite taratibu kwa muda wa saa nzima, na maji ya kutosha, kwa sababu ikienda haraka au mtoto akiwa mkavu inaweza kuganda kama chembechembe ndani ya figo. Wodi ilikuwa na pampu chache za dripu, zikiwa kwa waliozidiwa zaidi. Sista mmoja mtu mzima alikuwa anahesabu matone kwa saa yake ya mkononi, anarudi, anahesabu tena. Akanifundisha na mimi kuhesabu, akaniambia nisiguse kitu, nimwite tu. Kila baada ya siku chache walipima damu kuangalia figo, na mkojo wa mtoto uliandikwa. Kwa huyo sista peke yake ningetoa nyota sita.

Usiku mwingine zamu ilikuwa ya watu wageni. Dawa ilivuja nje ya mshipa, mkono ukavimba na kuwa mwekundu, na nilipoita nilijibiwa nisubiri. Dawa hii ni kali kama magadi, ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Kidonda kilikaa muda, kovu lipo mpaka leo nyuma ya kiganja. Robo iliyobaki ya nyota ilikwenda hapo. Haki yao niiseme pia: asubuhi sista mkuu alikuja mwenyewe, akaomba radhi, akatafuta mshipa wa mguuni, na tangu siku hiyo kila dozi kanula ilijaribiwa kwanza kwa maji ya chumvi.

Kuna jambo la friji siwezi kuliacha. Usiku mmoja dawa ilikuwa imeshachanganywa, kanula ikaziba, ikabidi tusubiri. Joto la Dar mnalijua. Nikauliza kama tuiweke kwenye friji la wodi, ambalo kwa kweli lilikuwa linafanya kazi vizuri, nyuzi joto nne, mpira wa mlango mzima. Sista akasema hapana, hii ukiipoza inajitenga, inatoa chenga, inakuwa ya kumwaga. Miaka yote kazini naambiwa dawa zinaokolewa na friji, nikakutana na moja inayoharibiwa nalo.

Vitanda vya jirani walikuwepo watoto ambao majibu yao hayakuja na jina lolote. Daktari alisema ni kawaida. Kwa karibu nusu ya watoto wenye ubongo uliovimba namna hii chanzo hakijulikani hata kwenye nchi zenye maabara kubwa. Na kwa virusi vingi vikishajulikana bado hakuna dawa ya kuviua, kinachofanyika ni kumshikilia mtoto: oksijeni, kuzuia degedege, kumlisha kwa mpira wa puani, kumgeuza asipate vidonda, kushusha homa. Hiyo kazi ya kugeuza na kulisha haionekani kwenye risiti, na wodi hii wanaifanya. Mtoto mmoja pale, ambaye hakupata dawa yoyote ya virusi, aliondoka anatembea. Baadhi ya vyanzo vinazuilika kabisa: surua kwa chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18, kichaa cha mbwa kwa kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni na kukimbilia chanjo siku hiyo hiyo ya kung'atwa, kabla dalili hazijaanza, kwa sababu zikishaanza hakuna daktari atakayekusaidia.

Mengineyo kwa haraka. Vyoo: vinasafishwa asubuhi, jioni usiniulize. Chandarua: kipo, kina matundu. Kantini: chai ya maziwa nzuri, chapati ngumu, supu inaisha saa tatu. Kiti cha plastiki: mguu mmoja mfupi, niliutia kipande cha mpira wa friji kutoka kwenye mkoba wangu wa kazi, nadhani bado kipo. Mazoezi ya viungo: mtaalamu anakuja mara mbili kwa wiki, mpole, anafundisha mzazi aendelee mwenyewe, ila hana mtu wa kumsaidia kwenye kusema na kumeza, na hilo mwanangu ndilo alilolihitaji zaidi.

Dozi zilipokaribia kuisha walichukua tena maji ya mgongo kuhakikisha virusi havionekani. Safari hii ukoo haukupiga simu.

Wakati wa kutoka tulipewa maelezo ambayo kwa ubora wake yanastahili kuigwa. Daktari alikaa na sisi wote wawili, mama watoto na kichanga mgongoni, akasema mambo waziwazi. Wengi wanaopona wanabaki na kitu: kumbukumbu, hasira, degedege, uzito wa kusema. Dawa ya degedege isikatishwe bila wao. Na akasema hili, ambalo sijalisikia kwa mzazi mwingine yeyote aliyepitia hospitali nyingine: wiki chache baada ya kupona, baadhi ya watoto mwili wao hutengeneza kinga inayoushambulia ubongo wenyewe. Mkianza kuona mikono au mdomo unacheza ovyo bila mpango, halali, anafoka, anaacha kusema, msiseme kachanganyikiwa wala msimpeleke kwa mganga. Rudini, ina matibabu yake, na ni tofauti na ya mwanzo. Aliandika kwenye karatasi kwa Kiswahili. Tuliibandika kwenye mlango wa friji letu.

Kwetu haikutokea. Binti amerudi shule, darasa lile lile alilokuwa, maana kusoma kumerudi nyuma. Majina ya watu yanamponyoka. Mwalimu wake anamwita "rafiki" na yeye anamjibu "rafiki", wamekubaliana hivyo. Hajapata degedege tangu tutoke. Anakumbuka sista wa kuhesabu matone, wodi yenyewe haikumbuki.

Kama mtoto wako ana homa na anabadilika tabia, anakupotea kwa macho, au degedege limeanzia upande mmoja, ningekupeleka wodi hii bila kusita, ukiwa na fedha ya dawa mfukoni au bima hai. Kliniki ya marudio ya mishipa ya fahamu ni Jumatano. Namba zinaanza kutolewa saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika saa mbili utatoka saa tisa. Beba maji na kadi ya mwanzo, ile ya kijani, la sivyo utarudishwa dirisha la faili, na hilo dirisha silipi nyota hata moja.